Pilau ya Wageni

Mume wangu Rajabu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Pangani tu wazima, ila goti la babu yako bado linamsumbua.

Umeniuliza kama timu yenu ya mtaani itaiweza hiyo ya Ligi Kuu mliyopangiwa kwenye kombe. Nikiwa msichana, timu kubwa ya Dar ilikuja kucheza na yetu, ambayo kaka yangu alikuwa golikipa wake. Mgeni hupikiwa, basi nikapika pilau kwa kuku wa mwisho wa bandani kwa mama. Wageni wakaja na mpishi wao, na maji yao. Pilau yetu hawakuigusa, wakihofia tumetia dawa.

Wachezaji wetu walikuwa na chai ya rangi tu tumboni. Wakaona chakula kitaharibika, wakakimaliza muda mfupi kabla ya mechi. Kipindi cha pili hakuna aliyeweza kukimbia. Kaka alibaki akitazama mabao yakiingia. Dawa tungeitoa wapi sisi?

Ushindi sikuombei, mume wangu. Nakuombea siku hiyo uingie uwanjani umekula mapema.

Bibi yako, Mwanaidi