Otieno Yumo Ndani ya Jarida

Karungu

Dada Awino, poleni na vumbi la soko la ng'ombe huko Ogwedhi.

Bila ndugu yako, Ulaya wasingejua omena, dagaa wetu wa ziwani, ni nini. Msimu wote nilimpimia samaki daktari wa chuo kikuu, na Otieno, yule jirani yetu wa maringo, alikuwa akinifuata nyuma na chupa za sampuli tu.

Jana daktari alirudi na jarida la ng'ambo lenye utafiti wake. Akatuonyesha mahali pa shukrani. Jina la Otieno, yawa! Kwa wivu nikainama kutafuta langu. Kabla sijamaliza mstari, daktari akalirudisha jarida mkobani: ni la kuazima, na bei yake imeshinda hata maktaba ya chuo chao.

Mama Akoth muuza samaki akamshika kwa maneno: "Daktari, hapa mwenye nyavu anajua kabisa wanaomvutia mtumbwi ufuoni watapewa samaki wa mboga. Waliokulipia petroli ya utafiti wangelipia na uchapishaji, kila mtu asome bure."

"Nikiwaomba, wanasema pesa ni ya utafiti tu."

"Basi wamenunua nyavu wakatunyima mboga!"

Ufuo mzima ulicheka. Mimi nilipiga makofi kuliko wote.

Msalimie mama, mwambie nimenona kwa samaki wa ngege, na wewe nakuletea mmoja mkubwa wa kukaushwa. Ila hili usimwambie: Otieno anaapa, "Omera, ndugu yangu, jina lako halimo," na sina njia ya kujua kama anadanganya.

Ndugu yako, Ouma