Gambuti Zangu Miguuni mwa Ndwiga

Mama Wawira mpenzi,

Nakusalimu kutoka huku jangwani Chile. Hujambo, na binti yetu je? Kifua cha mama kimetulia? Mwili wangu ni mzima, ila moyo umevimba. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana.

Kazi yangu unaijua: darubini nne mlimani, zote zinatazama nyota moja, na mwanga wake unapitishwa kwenye vioo hadi ukutane katika chumba kimoja. Wa darubini moja ukichelewa hata kwa unene wa unywele, kazi imeharibika. Mimi ndiye ninayesogeza vioo juu ya reli mpaka mianga yote ifike pamoja. Hapo darubini zote nne zinaona kama jicho moja, pana kama shamba letu la chai.

Juzi nyota tuliyodhani ni moja, kumbe ni mbili zimekaribiana. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka ile picha yako na jirani yetu Ndwiga kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, kikapu kando ya kikapu. Nikaikuza. Miguuni mwa Ndwiga, gambuti zangu, zile buti zangu za mpira! Nilizijua kwa kile kiraka chekundu nilichobandika mwenyewe.

Nilipokupigia ulicheka.

"Baba Wawira, kwani ulitaka zikuliwe na panya? Huyu mtu ananibebea majani mpaka senta na mvua inanyesha."

"Na ako na bibi?"

"Si unajua hana. Sasa hiyo ni makosa yake?"

Naona wivu, sifichi. Najua huko kwetu Kibugu kunateleza na kikapu ni kizito. Huku hata mvua hainyeshi, ningezivaa wapi? Lakini ni zangu, na Ndwiga ana miguu mikubwa. Gambuti zikishapanuka hazinirudii tena.

Sasa profesa anayesimamia kazi yetu anataka niongeze miaka miwili huku. Anasema mikono yangu imetulia. Mikono, ndiyo.

Msalimie mama, na dada yako mwalimu, na Wawira umbusu shavuni. Ndwiga pia msalimie, lakini akiwa pekupeku.

Kabla sijamjibu profesa, nitumie picha ya mlango wetu, pale gambuti zinapokaa. Gambuti zikiwa zimekaa tupu, nakuja kuzivaa. Zikiwa na miguu ndani, nakuja upesi zaidi.

Mumeo bado,
Baba Wawira