Ndizi ya Zenon

Jumatatu, 4 Oktoba 1993
Mvua tena. Nimeosha velo ya Zenon, baiskeli yake ya mbio, asubuhi, nikaiosha jioni, na matope ya mlima Rebero bado yamo kwenye mnyororo. Mgongo hauna hali. Fundi baiskeli mzima wa Kicukiro, leo dobi wa Mpolandi! Mukasine amecheka mpaka akakaa chini. Mke anayekucheka ukiwa umechoka — taabu tupu.

Jumamosi, 9 Oktoba 1993
Zenon ameongea leo. Si kawaida yake. Tulimjua kama mdogo wake padri wa misheni, basi. Kumbe kwao tangu utotoni alikuwa mtu wa mbio za matope. Ukifika penye mlima mbaya unashuka, unaitia velo begani, unakimbia nayo, halafu unapanda tena. Aliwahi kuvaa jezi ya taifa. Klabu yake ilikuwa ya mgodi wa makaa. Mgodi ukafungwa, klabu ikafa. Akahamia velo za milimani, zile za matairi manene. Sasa ana miaka thelathini na minne na goti bovu.

Kuna Mbelgiji hapa Kigali mwenye timu Ulaya. Anatafuta mtu mmoja. Akimtaka Zenon, Zenon ataendelea. Asipomtaka, anaacha mbio kabisa. Alisema hivyo huku anafunga kamba za viatu. Nilimwonea huruma sana.

Jumapili, 17 Oktoba 1993
Nimeharibu. Ya Rabi, nimeharibu!

Leo zilikuwa mbio za Rebero, Mbelgiji akitazama, na kazi yangu ilikuwa moja: kusimama kwenye kona ya mikaratusi, raundi ya tatu, nimpe ndizi na maji ya sukari. Nafika — watu wamejaa. Watu wazima na heshima zao. Mbele kabisa mama mkwe wangu, Nyirahabimana, na mwavuli wake. Kwetu mtu mzima hali chakula njiani watu wakimtazama. Anayekula njiani ni mtoto, au mtu asiye na kwao. Sasa nimtafunishe Zenon ndizi mbele ya mama mkwe? Nikaona haya, nikataka kumsitiri. Nikajibanza nyuma ya mikaratusi, ndizi ndani ya kitambaa. Nilidhani ataniona, atasimama kidogo, atakula kwa heshima zake.

Hakuniona. Alipita akigeuza kichwa huku na huku. Alikuwa wa pili. Raundi ya mwisho miguu ikamkataa, wakampita mmoja mmoja. Mbelgiji aliingia garini kabla Zenon hajamaliza.

Jumatatu, 18 Oktoba 1993
Nimemweleza Zenon yote. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alisema tu:

"Usumani, haya iko ya kwako. Njaa iko ya kwangu."

Kisha akachukua ndoo, akaosha velo mwenyewe.

Jumamosi, 23 Oktoba 1993
Redio ni Burundi tu. Rais wao ameuawa. Wateja hakuna, kila mtu anaongea kwa sauti ya chini. Zenon amepanda Rebero peke yake kwenye mvua. Nimechoka na sijafanya kazi yoyote.

Alhamisi, 11 Novemba 1993
Padri amemwomba Mbelgiji, naye kakubali: atamtazama Zenon mara moja tu, kwenye mbio za Jumapili. Kisha anarudi kwao. Nikamwambia Zenon atafute mtu mwingine wa kushika ndizi. Akasema hana mwingine.

Mukasine anasema mama yake ameshasikia kwamba nitamlisha mzungu barabarani. Nikamuuliza amesemaje. Anachambua maharage tu. Jioni nimejizoeza nyuma ya nyumba, nakimbia na mkono nimeunyoosha. Mbuzi wa jirani alinitazama. Hata yeye nilimwonea haya.

Jumapili, 14 Novemba 1993
Rebero, kwenye kona. Naandika kwa penseli, karatasi inalowa.

Raundi ya pili alipita wa tatu. Velo begani, goti linamvuta. Safari hii nimesimama njiani katikati, kila mtu ananiona. Minong'ono. Kuna aliyecheka.

Mama mkwe amekuja. Mwavuli uleule. Akaniuliza kama ndizi ile ni ya kwangu. Nikamwambia, hapana mama, ni ya mtu anayekimbia, asipokula hapa anaanguka. Akaniuliza, hapa hapa, mbele za watu? Nikasema ndiyo, mama. Natamani ardhi inimeze.

Halafu akawageukia watu, akawaambia kwa Kinyarwanda kuna mtu mzima anakuja kula, wamwachie heshima yake, watazame bondeni. Akageuka yeye wa kwanza. Wakageuka wote! Kona nzima imenipa mgongo, miavuli imetazama Kicukiro.

Mbelgiji tu ndiye anayetazama njia.

Ndizi nimeshaimenya. Wa kwanza amepita. Wa pili amepita. Sasa kuna mtu anapanda na velo begani, matope mpaka machoni, mguu mmoja anauburuta — ni yeye. Anachechemea sana. Nyuma yake wawili wanamkaribia. Ameniona, ananyoosha mkono, naiacha penseli —