Kasi ya Mama Akinyi

Jumanne

Na barua yenyewe niliichapa mimi, chai ikipoa kando. Onyo la pili: Mama Akinyi hafikishi target ya mashada ya waridi kwa saa.

Utaratibu huu wa target na onyo, bosi anauita mpango wa kuinua utendakazi. Mpango ni wangu. Mwaka juzi, nikiwa mgeni hapa HR, nilisimama na saa kwenye banda la kugredi maua na kuyafunga mashada nikitafuta mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Nikapima kasi yake asubuhi nzima, nikaifanya target ya kila mtu. Yeye alidhani nimekuja kupiga stori tu. Alikuwa akiimba.

Huyo alikuwa Mama Akinyi mwenyewe.

Sasa kifundo cha mkono wake wa kulia kimevimba, anakifunga na leso. Pale zahanati ya shamba anapewa dawa ya maumivu na kurudishwa kazini.

Leo aliisoma barua polepole, akaitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Hakulia. Afadhali angelia.

"Madam, sikatai, mkono umechoka. Lakini niambie ukweli, hii target mlitoa wapi? Hakuna mtu anaiweza."

Nikamwambia ilitoka juu.

"Basi huyo wa juu hajawahi shika waridi," akasema, akarudi bandani.

Ningemwambia. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, halafu bosi akapita…

Barua ya tatu ndiyo ya kumfuta kazi. Niliichapa pamoja na hii ya leo, kuokoa muda. Imebaki tarehe tu.