Tumbo la Injini ya Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu karudi na sanduku. Injini sita ndogo za treni, za kuchezea, kongwe kuliko mimi. Mzee Miwani, bosi wake wa duka la vitu vya kale, kampa hadi Jumamosi: aandike kila moja ni ya mwaka gani. Akipatia, anarudishiwa meza yake ya kazi. Akikosea, basi tena. Ni miezi minne tangu aanguke kwenye ngazi akapasuka kichwa. Daktari anasema kapona. Mzee Miwani anataka kujionea mwenyewe. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili — mtihani!

Jumanne, 5 Machi
Nilikaa naye mezani. Nikasema ya kijani ndiyo mpya, rangi inang'aa. Akacheka! Mara ya kwanza tangu hospitali. Eti, mama, wewe utauziwa gari bovu kwa sababu limeoshwa. Rangi hudanganya, geuza tumbo. Chini ndiko kuna magurudumu na ndoano ya kuvutia mabehewa. Ndoano ya chuma ni ya zamani, ya plastiki ilikuja baadaye. Anazishika kama mayai.

Alhamisi, 7 Machi
Dawa zimemlaza mchana. Injini zina vumbi — aibu, vitu vya watu! Ya kijani na nyeusi zina umbo moja. Skrubu moja tu chini. Nikafungua kwa ncha ya kisu, nikavua yale mabati ya juu, nikayaosha kwa sabuni kwenye beseni, nikafunga. Zinameta. Sikumwambia, atanigombeza bure.

Ijumaa, 8 Machi
Nne kazimaliza upesi. Mbili zile, ya kijani na nyeusi, zimemlia saa tatu nzima. Anageuza, anarudisha. "Mama, juu inasema hivi, chini inasema vile." Mwisho kaandika alivyoona: ya kijani, bati la 1937, tumbo la 1954. Nyeusi kinyume chake. Nikamwambia amini macho yako, baba. Mimi najua nini?

Jumamosi, 9 Machi
Nilimsindikiza. Mzee Miwani kasoma karatasi, kalinganisha na daftari lake. Injini hata hakuzigusa. Nne sawa. Mbili zile, anasema, ni zake mwenyewe, zimetoka kwake nzima, kila moja na tumbo lake. Kasema kwa upole, ndicho kilichoniuma: "Pumzika kwanza, kijana wangu." Mwanangu kaitika tu, sawa mzee.

Njiani nikakumbuka beseni. Mabati mawili ndani ya povu, umbo moja. Nilifunga lipi wapi?

Jumapili, 10 Machi
Hajala. Anasema kama ameona kisichokuwepo, basi kichwa kimekwisha, afadhali ajue. Kakusanya bisibisi za duka mfukoni, kesho azirudishe. Nimefungua mdomo mara tatu. Mara zote nikasema, chai? Naogopa nini? Kwamba atanichukia. Kwamba nitaambiwa namtetea kwa uongo. Mama gani huyu!

Jumatatu, 11 Machi
Naandikia dukani, kwenye stuli. Nimetoka nyumbani kabla hajaamka. Nimesema yote. Mzee Miwani hakuamini. "Uchungu wa mwana huo, mama." Nikamwambia, mzee wangu, usinisikilize mimi. Geuza tumbo.

Kavua miwani, kafuta, kavaa. Anafungua ya kijani, taratibu. Ndani ya bati, kwenye kona, weupe kama chumvi. Sabuni yangu imekaukia humo. Kainua tumbo lake, kaliinamia. "Hamsini na nne," kasema peke yake. "Kama alivyoandika." Sasa anachukua nyeusi.

Mlango umefunguliwa. Ni mwanangu, na mfuko wa bisibisi mkononi. Anatazama meza. Anatazama lile bati la kijani. Ananitazama mimi. Bado hajauliza — naandika tu nisiinue uso.