Sahani ya Mama Hope

Annet wee, Magda leo amejiaibisha, hata mimi sijui nitamtazama vipi.

Unajua vile kipindupindu kilimfungia hoteli yake ya kibanda hapa Laini Saba mvua yote ya El Nino. Tangu afungue amekuwa akiita watu pale kando ya reli: "Karibuni, maji nimechemsha, ugonjwa uliisha!" Leo ndio mafundi wa jua kali wamerudi. Benchi imejaa. Magda anapakua huku anacheka peke yake.

Hope wake akatoka shule na njaa. Okello, yule fundi wa masufuria, akamega samaki yake, akamwambia, "Kuja ukule, mtoto."

Magda akaruka. Aki alimpiga Hope mkono, samaki ikaanguka chini. "Wewe! Si nilikukataza kula kwa vibanda!"

Kwa vibanda! Na kibanda ni chake!

Watu wakaacha kutafuna. Okello akarudisha tonge kwa sahani polepole. "Mama Hope, kumbe sisi ndio wa kujaribia chakula chako?"

Magda alitaka kusema ni mazoea tu, ni uoga wa ile miezi, lakini akainama kuokota ile samaki. Wakanawa mikono, mmoja mmoja, wakaenda.

Sasa amekaa kwa benchi anajilazimisha kula, wapita njia wamwone. Hope amesimama karibu naye. Amemuuliza, "Mama, sasa naweza kula?"

Annet, Magda ameangalia hiyo sahani. Mpaka saa hii ameshika tonge mkononi, hajampa mtoto.