Skrubu ya Hewa

Nakuru, Jumatatu

Dada Immaculate,

Hili sijamwambia mtu: pikipiki ya Lewis, yule jirani yetu, niliirekebisha mimi, si Wangare.

Mama hajambo, na kuku wako wameanza kutaga. Tangu nimalize shule, mimi ndiye niliyekuwa nikimrekebishia Lewis kabureta. Sasa amepata mpenzi, huyo Wangare, bisibisi anashika yeye, mimi natumwa maji.

Wangare aliirekebisha kwa hewa ya hapa Nakuru, na jana tukapanda Kuresoi kwa mashindano ya kupita kwenye mawe. Kule juu hewa ni nyepesi, petroli ikazidi hewa, kwa hivyo injini ilikohoa na kutoa moshi mzito. Nilifurahi, dada. Kisha nikaona uso wa Lewis.

Walipoenda kunywa chai, niliiwasha, nikafungua skrubu ya hewa ya kabureta kidogo kidogo mpaka ikanguruma vizuri.

Lewis alishinda. Akainua mkono wa Wangare: "Fundi wangu ndiye huyu!"

"Nilisema ilitaka kupumzika tu," Wangare akacheka. "Na wewe Trizah, mbona umenuna? Piga makofi!"

Nikapiga, vidole vikinuka petroli.

Tafadhali, ibaki kwako. Lewis akijua atanishukuru tu, na mimi sitaki shukrani.

Mdogo wako,
Trizah